Boga Lenye Mwanya

"Uso wa kutisha, mama mkubwa," Nasra alisema, akimkabidhi Mwanakheri kisu na boga lililokwisha kukombwa ndani. Mchezo huo alirudi nao kutoka ughaibuni, na jioni ile ndugu na marafiki walijaa uani kwao, kila mmoja akichonga boga lake. Mwanakheri hakuwahi kukata boga ila la kupika kwa nazi. Alitoboa macho, akahamia kwenye mdomo, na hapo mkono ukajiendea wenyewe: meno mawili ya mbele yakatoka na mwanya katikati.

"Mbona huyu hatishi?" jirani aliuliza. "Mzuri. Ni nani?"

Watu wakasogea. Mwanakheri naye alilitazama boga kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni. Kwenye mkeka wa pili, mdogo wake aitwaye Saumu, mama yake Nasra, alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Yeye na Mwanakheri walikuwa hawasemezani tangu msiba wa mama yao.

Nasra akatia mshumaa ndani. Mwanga ukachungulia mwanyani.

Saumu alikuja taratibu, akachuchumaa, akachukua kisu mkononi mwa dada yake.

"Umeubana, dada. Wangu mpana zaidi."

Akaanza kuupanua, na kila alipokwangua, mwanga ulizidi kuwaangukia magotini.