Mlango wa Shimo la Mama

Nungunungu alinenepa kwa mihogo ya shambani hadi akashindwa kuingia katika shimo alimolelewa na mamake. Akaacha mihogo, na kila jioni akawa anarudi kuujaribu mlango. Jioni moja alikwama tena. Harufu ya nyasi kavu walizolalia utotoni ikamfikia, akalia.

"Basi, naacha," alisema. "Najinyima bure. Kila siku ni kukwama tu."

Chura, aliyekuwa akiishi humo ndani, alijifuta uso.

"Sikiliza, jirani. Ulipoanza, ulikuwa ukilia huko nje, mimi nasikia sauti tu. Siku hizi machozi yako yananidondokea kitandani."

Nungunungu akajikwamua, akaenda kulala. Asubuhi alilipita shamba la mihogo bila kugeuza shingo, na Chura akasogeza kitanda chake ukutani, nafasi isije ikakosekana.