Kiatu cha Pili

Pendaeli alikuwa amebakiza kilomita moja kumaliza marathoni yake ya saba. Kama zile sita zilizotangulia, aliikimbia hii ili kuchangisha fedha za kuwaelimisha watu kuhusu usonji. Ghafla kamba ya kiatu ikafunguka. Alijaribu kuinama, lakini misuli ya mapaja ilikaza akashindwa.

Binti yake Eliwaza, wa miaka kumi na minne, alikuwa kando ya barabara na bibi yake, ameziba masikio kwa sababu ya kelele. Akashusha mikono, akaingia barabarani na kupiga magoti mbele ya mama yake.

"Dada, ngoja nikufungie mimi," alisema mwanamke aliyekuwa akigawa maji. "Huyu atakuchelewesha."

"Mwache," alijibu Pendaeli. "Amejifunza kwa miaka mitatu."

Eliwaza alifunga polepole, akavuta kamba mpaka ikakaza. Kisha akakitazama kiatu cha pili, ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Akakifungua ili akifunge upya, vyote vifanane.

Wakimbiaji waliwapita huku na huku. Pendaeli, kidevu juu, akamsogezea mguu.