Kupe Aliyetafuta Siri ya Marashi

Kupe wengi maradhi yao ni ulafi. Huyu wetu yake yalikuwa udadisi. Alikuwa akiishi tumboni pa Marashi, farasi jike aliyeshinda mbio tisa mfululizo, na swali moja lilimnyima usingizi: huyu anawashindaje wenzake?

Alianza na damu. Akamnyonya Marashi, kisha akamnyonya Kishindo, farasi ambaye kila mara alimaliza wa pili. Ladha ni ile ile. Akapima miguu, ya Kishindo ndiyo iliyokuwa mirefu zaidi.

"Basi siri iko kichwani," Kupe akajiambia. Asubuhi ya mbio za kumi akapanda shingo, akajipenyeza ndani kabisa ya sikio la kulia la Marashi, akajibana humo asipitwe na lolote.

Mbio zikaanza, Marashi akatangulia. Mara Kupe akasikia Kishindo akija kwa kasi upande wa kulia. Akashangaa kuona Marashi hata hashtuki. Kishindo akapita, akashinda.

"Lo, Bi Marashi!" Kupe akalalama. "Hukumsikia? Mimi nilimsikia tangu yuko mbali!"

"Sikumsikia," Marashi akajibu akihema. "Siku zote huwasikiliza wenzangu wanavyopumua, nikajua wakati wa kuongeza mwendo. Leo sikio hili limeziba, wala sijui limeingiwa na nini."

Kupe akaanza kujichomoa sikioni taratibu. Alichokitafuta alikuwa amekipata, tena amekikalia.