Kaburi Lililokaa Upande

Marehemu wa tatu alikuwa bado hajakauka, na binti alishaanza kumlilia.

"Ewe mjomba mpiga tarumbeta! Umetuachia nani?"

"Punguza kelele, lete ndoo," kaka yake akamwambia. "Mjomba wako anataka saruji nyingine miguuni."

Hakukuwa na mjomba. Makaburi ya ukoo yalikuwa kule juu, na mawe yake na majina yake. Babu yao, mtu mkali kwelikweli, ndiye aliyeamua enzi zake nani alazwe pale na nani asilazwe. Huku chini, kando ya barabara, zilikuwa nyasi tupu, na kampuni moja ilizitaka zote kwa ajili ya duka la ghorofa na maegesho yake. Sheria ilisema kiwanja chenye makaburi hakijengwi.

"Huku chini hakuna mtu, Baba," mwana alisema siku habari zilipowafikia. "Tuwaachie tu. Mimi ndiye kifunguamimba, lawama nitazibeba mimi."

Mama yake akanyanyuka kwenda kutazama chai, na chai yenyewe ilikuwa imeshaletwa mezani.

"Hakuna mtu?" mzee akasema. "Basi tutaweka."

Mzee huyo alikuwa fundi mwashi mstaafu, mtu wa kubomoa ukuta mzima kwa kosa la upana wa ukucha. Vifaa vyake alivibeba kwenye gunia, na binti alimtania kwa hilo tangu utotoni.

"Fundi gani huyu asiye na sanduku?"

"Nilikuwa nalo," mzee alimjibu siku zote. "Nililichonga mwenyewe, ujanani. Zuri sana."

"Likaenda wapi?"

"Lilipata kazi nyingine."

Basi wakajenga. Saruji ikishika, waliipaka majivu na chai baridi, wakaikwaruza kwa brashi ya waya mpaka ikazeeka kuwashinda wao. Binti akawagawia marehemu maisha. Mmoja alikuwa shangazi aliyeolewa mara tatu na kuomba azikwe mbali na wote watatu. Mwingine alikufa akicheka, na hakuna aliyekumbuka alichekea nini. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akaegemea koleo.

Kaburi la mwisho alilijenga peke yake, pembeni kabisa. Lilikuwa dogo.

"Baba, hili limekaa upande," mwana akasema. "Mengine yote umeyanyoosha kwa kamba."

"Liache lilivyokaa."

"Na huyu ni nani?" binti akauliza. "Tuseme alikuwa mfupi, mchekeshaji, akaanguka kutoka—"

"Huyo usimtungie kitu."

Mama yao alikuwa ameleta vikombe. Akachutama, akailainisha saruji mbichi kwa kiganja chake, ilhali mwiko ulikuwa pale pale ubavuni mwake.

Afisa wa ardhi alikuja na buti za mpira, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Nyuma yake alikuja meneja wa kampuni, akiruka madimbwi kuokoa viatu. Afisa akachukua funguo zake, akakwaruza ubavu wa mpiga tarumbeta. Ukatoka unga wa kijivu, mbichi.

"Mjomba wenu alikufa lini?"

"Zamani sana," binti akasema, machozi tayari.

"Mbona bado ananuka saruji?"

Akaamua pale pale. Kaburi moja lingefukuliwa. Likikutwa na mtu, upande wote wa chini utahesabiwa makaburini na kampuni iende zake. Likikutwa tupu, upande wote unakwenda. Meneja ndiye angechagua.

Mwana akafumba macho. Binti akayafuta machozi yake.

"Chagua lolote," mzee akasema. "Ila lile dogo, hapana."

Meneja akatabasamu. "Basi lile dogo."

"Bwana, nakuomba." Mzee alishapiga magoti kwenye tope. "Hayo mengine yote ni matupu. Nimeyajenga mimi, kwa mikono hii. Chukueni upande wote, mniachie hilo tu."

"Baba! Umetumaliza!" mwana akasema.

"Umesikia mwenyewe," meneja akamwambia afisa.

"Nimesikia. Lakini mimi huandika nilichokiona. Fukueni."

Mwana akaipokonya sululu mikononi mwa kibarua aliyeletwa na meneja. Kama ni aibu, ilikuwa aibu ya nyumba yao, na aliona heri aichimbue mwenyewe.

"Mimi ndiye kifunguamimba," aliwaambia wote, bila kumtazama baba yake. "Nipisheni."

Saruji ikapasuka. Chini yake ukatoka udongo, na chini ya udongo, udongo mwingine. Akabadilisha, akashika koleo. Meneja alikuwa akijifuta viatu kwa majani. Binti alikuwa akijaribu kumnyanyua baba yake topeni, na mzee hanyanyuki.

Koleo likagonga mbao.

Mwana akainama, akapapasa kwa mikono. Kilikuwa kisanduku, si kikubwa, chenye mabaki ya mpini wa kamba, na ubavuni tundu la kuchomekea mwiko wa fundi. Kilikuwa kimekaa upande, sawasawa na saruji iliyokifunika.

Akabaki amesimama shimoni, hajui mikono aiweke wapi.

Mama yake alikuwa amefika ukingoni. Akavua mtandio wake, akautandika kwenye nyasi, akaunyoosha kwa kiganja mpaka usiwe na kunyanzi hata moja.

"Toka, mwanangu," akasema. "Mpishe kaka yako."