Hata Unyoya

Maganga alikuwa ametengwa. Kitongoji kizima, nje kidogo ya Ngulyati, kilikatazwa kumsalimia, kumpa moto, kumsaidia kuzika, hata kulitaja jina lake. Atakayevunja amri atapeleka ng'ombe mmoja uwanjani, kesho yake asubuhi. Ndivyo ilivyoamua dagashida, mkutano wao wa wanaume, na hakuna aliyepinga.

Kosa lake lilikuwa kuku. Maganga hununua kuku wa kienyeji vijijini, huwapanga kwenye matenga nyuma ya kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, huwapeleka kuuza Kenya. Kideri kilipoingia na kuku wa majirani wakafa, Mashimba alisimama mkutanoni akasema ugonjwa umeletwa na matenga yale. Wakamtaka Maganga atoe dume moja la ng'ombe, yaishe.

Akawajibu kwamba kuku wake wamechanjwa, na kwa kosa asilolifanya hatoi hata unyoya.

Kulikuwa na shida nyingine, mpakani. Foleni ya magari ya mizigo ni ndefu, jua ni kali, na kuku hawajui kusubiri. Safari iliyopita nusu ya matenga yalifika yamejaa mizoga. Mnunuzi wa Migori alimwambia wazi: akileta mizoga tena, atatafuta mtu mwingine. Na Maganga hakuwa na pa kurudi. Shamba la pamba alishaliuza, ndilo lililonunua kirikuu.

Basi akaomba kadi. Ilikuwa kadi ya wasafiri wanaoaminika. Mwenye nayo hupita njia ya pembeni, foleni haimhusu. Alipigwa picha, akaweka vidole kwenye mashine, akahojiwa Bariadi mjini mpaka akachoka. Ofisa aliyemhoji, kijana aitwaye Joakim, akamwambia limebaki jambo moja. Angekuja mwenyewe kuwauliza majirani kama Maganga ni mtu wa kuaminika. Wakimkataa, maombi yanafutwa.

"Na wasiposema kitu?"

Joakim alicheka. "Mzee wangu, ni majirani gani hao wasiosema kitu?"

Kwandu, mkewe, alilia aliposikia. Alimsihi alitoe lile dume, angalau mgeni akija akute watu wana midomo. Maganga akamwambia kwamba akilipa leo, watoto wao wataitwa watoto wa mtu aliyeua kuku wa kijiji mpaka wazeeke.

Jioni ile Mashimba alikuwa upande wa pili wa uzio wa minyaa, akiwafungua maksai wake wawili kutoka kwenye plau. Kusema na Maganga hakuruhusiwa. Akasema na maksai.

"Maksai, mwambie anayesikia. Dume moja tu. Mbona ana kichwa kigumu kuliko chako?"

Maganga alikuwa akiwapa kuku maji. Hakugeuka.

"Jogoo, mjibu maksai. Mwambie wewe una cheti cha chanjo. Mwenye maksai ana cheti gani?"

Upande wa pili mnyororo wa plau ulianguka chini.

"Maksai, twende," akasema Mashimba.

Joakim alikuja kwa pikipiki, akaomba kiti ndani ya ghala la pamba, majirani wakaitwa mmoja mmoja. Maganga alisimama mlangoni kwake akitazama. Kila aliyetoka alitoka ameinamisha kichwa, akapita mbele ya nyumba yake bila kugeuka. Mashimba aliingia wa mwisho, na ndiye aliyekaa sana. Kwandu alisema basi, imekwisha, akaingia jikoni.

Jua lilikuwa linazama Joakim aliposimamisha pikipiki mbele ya nyumba. Akatoa kadi mfukoni. Ilikuwa imeshatengenezwa, ikingoja siku hiyo tu.

Maganga aliishika kwa mikono miwili. Akauliza watu wamesema nini.

"Maneno ya majirani siyatoi, mzee. Safari njema."

Pikipiki ilipoondoka, Maganga alimwita mkewe nje. Alisema kwa sauti kubwa, ili uzio usikie.

"Unaona, Mama Milembe? Wamefunga midomo yao, na kimya chao hakikunizuia. Nimeipata bila wao. Bila hata mmoja."

Asubuhi alikuwa akifunga matenga kwa kamba aliposikia kengele za ng'ombe barabarani. Malisho yalikuwa upande mwingine. Njia ile inakwenda uwanjani tu.

Mbele alikuwa Elia, mmoja wa majirani walioitwa ghalani jana, akiswaga dume jekundu. Nyuma yake Veronica, jirani mjane, akivuta mtamba wake, na hana mwingine. Wakafuata wengine. Hakuna aliyesalimia. Hakuna aliyemtazama.

Wa mwisho alikuwa Mashimba na maksai. Alipofika usawa wa kirikuu alisimama, akainama kwenye sikio la ng'ombe.

"Maksai, mwambie mwenye kadi awahi. Kuku watakufa."

Maganga alisimama na kamba mkononi mpaka vumbi likatua. Walipita ng'ombe saba. Kwa Mashimba alibaki maksai mmoja, na plau la kuvutwa na wawili.