Sabuni Ipo?

Asubuhi mwenye duka aliificha redio kaseti chini ya kaunta, ikirekodi. Alitaka kujua kwa nini wateja wa Ngamiani wanatoka mikono mitupu ilhali duka limejaa. Adhuhuri akamwita Mwatum, muuzaji wake, wakasikiliza pamoja.

Kanda ilikwaruza, kisha ikatoka sauti ya bibi mmoja. "Nimetoka Kigombe, mwanangu. Sabuni ipo?"

"Hakuna," ilijibu sauti ya Mwatum.

Mwatum aligeuka taratibu. Miche ya sabuni ilikuwa nyuma yake, imepangwa hadi darini, na harufu yake ilishamwingia mpaka kwenye mtandio. Miaka yote ya foleni, bidhaa zilipokuwa adimu na kuuzwa kwa magendo, aliuza katika duka la ushirika, na jibu lilikuwa hilo hilo kwa kila aliyeuliza.

"Wallahi tajiri, sikukusudia. Mdomo tu umezoea."

"Najua. Sasa msikilize na yeye."

Kwenye kanda, bibi alikuwa bado hajaondoka. Aliishusha sauti kwa adabu, kama tulivyozoea sote miaka ile.

"Naiona hapo nyuma yako, mwanangu. Basi nizunguke mlango wa uani?"