Mwewe Aliyetaka Idadi Sawa

Mwewe alikuwa na kinyongo. Bonde lilijaa panzi, vyura wakawafuata kwa wingi, kisha nyoka wachache zaidi, na mwewe walikuwa wawili tu, yeye na mumewe.

"Wanyonge mmejazana, na mimi mkubwa sina hata jirani," alifoka. "Kuanzia leo kila ukoo uwe na kumi. Waliozidi wahame."

"Shangazi," akasema Panzi, "chini pakiwa pembamba, juu patasimama wapi?"

"Nani kakuuliza?"

Waliozidi wakahama. Mwewe akaita kaka zake wanane, wakatimia kumi, roho yake ikatulia.

Asubuhi vyura kumi waliwala panzi kumi, wala hawakushiba. Adhuhuri nyoka waliwameza vyura. Jioni mwewe waliwararua nyoka, kila mmoja wake.

Kulipokucha Mwewe alizunguka bonde zima. Hakuna kilichoruka, hakuna kilicholia, hakuna kilichotambaa. Alirudi mtini, akawaeleza kaka zake.

Hawakumsikiliza. Wote wanane walikuwa wakimtazama mumewe, aliyenenepa kuliko wote.

"Shemeji," akasema mkubwa wao kwa upole, "hebu sogea karibu."